Madarasa Mawili, Mlango Mmoja: Karagwe na Kyerwa Kuelekea Januari 2028

Katika shule za msingi za Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga hadi Murongo kwenye mpaka wa Uganda, kuna madarasa mawili yanayofukuzana. La kwanza ni la watoto waliokuwa darasa la nne Januari 2024. La pili ni la wadogo zao, waliokuwa la tatu mwezi huohuo. Kwa mazoea ya miaka mingi wangeachana kwa mwaka mmoja hadi mwisho wa safari. Mara hii hawataachana. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika mwezi ule uliwakuta hao wa darasa la tatu na kuwapunguzia mwaka mmoja, kwa hiyo wao watamalizia elimu ya msingi darasa la sita. Kaka na dada zao wanaendelea na utaratibu wa zamani mpaka la saba. Hesabu inawakutanisha mwishoni mwa 2027, na Januari 2028 wote wanatakiwa kuingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja.

Zamani mlango huo ulikuwa na bawabu: mtihani wa darasa la saba. Aliyeshindwa alirudi kwenye kibanja cha baba yake, na hakuna aliyeulizwa amekwenda wapi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma Februari 1, 2025, imebadilisha jambo hilo. Elimu ya lazima sasa ni miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtoto wa Nkwenda au wa Ihembe anayefikisha umri wa kwenda kidato cha kwanza hatakuwa mteule tena. Ni mtoto ambaye sera inamtaka awe darasani.

Nchi imewahi kuona wimbi la namna hii, ingawa lilikuwa dogo. Januari 2016 serikali ilipofuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, darasa la kwanza lilifurika. Watoto hao walimaliza la saba mwaka 2022, na ili wapate pa kukaa Januari 2023 serikali ikalazimika kujenga madarasa 8,000 nchi nzima kwa miezi michache, baada ya mengine 15,000 yaliyojengwa mwaka uliotangulia kwa fedha za UVIKO-19. Ujenzi wa mwaka 2022 ulipotangazwa, waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI alikuwa mbunge wa Karagwe, Innocent Bashungwa. Kwa hiyo wilaya hizi zinajua zege la haraka linavyomwagwa. Jambo ambalo zege halitatui ni hali ya mtoto anapofika mlangoni: ameshajua kusoma? Ameshiba? Na akitoka upande wa pili, miaka minne baadaye, anakwenda wapi?

Kyerwa ni mtoto wa Karagwe. Mpaka mwaka 2012 zote mbili zilikuwa wilaya moja yenye makao yake Kayanga, na mwananchi wa Kaisho au Bugomora aliyetaka saini ya ofisa elimu alipoteza siku nzima barabarani. Sensa ya mwaka huo iliwahesabu watu 332,020 upande wa Karagwe na 321,026 upande wa Kyerwa, idadi zilizokaribiana kama za mapacha. Baada ya miaka kumi, sensa ya 2022 ilikuta Kagera nzima ina watu 2,989,299. Ni nchi ya vilima, migomba, maharage na kahawa ya robusta, iliyobanwa na Mto Kagera kati ya Uganda na Rwanda. Watu wake wengi ni Wanyambo, na jina la Rumanyika, mtawala aliyempokea mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861, leo limebandikwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe.

Kagera ina sifa ya zamani ya elimu. Misheni na fedha za kahawa viliupa mkoa shule mapema, na utani kuhusu wasomi wa Kihaya unajulikana hadi Mtwara. Lakini sifa hiyo imekaa zaidi upande wa ziwa, Bukoba na Muleba. Karagwe na Kyerwa zilikuwa mbali na bandari na mbali na seminari, na lami ya kutoka Kyaka kupanda hadi Bugene ni ya miaka ya karibuni tu. Anayezungumzia elimu ya Kagera kwa kuitazama sekondari ya Ihungo huko Bukoba ni kama anayeonja supu kwa kunusa sufuria.

Basi tuanzie chini kabisa, kwa mtoto wa miaka mitano.

Mwaka mmoja wa elimu ya awali umo katika mfumo rasmi wa elimu, na kila shule ya msingi inatakiwa kuwa na darasa lake. Tatizo la kwanza ni miguu. Wanyambo hawajajenga kwa kubanana. Kila kaya imekaa katikati ya kibanja chake, imezungukwa na migomba, na kati ya kilima na kilima kuna bonde lenye tope wakati wa masika. Kilomita tatu ambazo kijana wa darasa la sita anazipiga akiimba, mtoto wa awali anazilia. Matokeo yake ni kwamba wazazi wengi humsubirisha mtoto nyumbani mpaka miguu ikomae, naye huingia darasa la kwanza akiwa na miaka minane au tisa bila kupita awali, au hupita awali kwa jina tu.

Jibu la serikali ni shule shikizi: madarasa mawili au matatu yanayojengwa karibu na makazi na kusimamiwa na shule mama, ili wadogo wasome hapo hadi wapate nguvu ya kwenda mbali. Katika yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Halafu ukaja mradi wa BOOST, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 kwa ajili ya awali na msingi, ukiwa na madarasa ya mfano ya awali yenye meza fupi, rangi na michoro ukutani. Ukilitazama darasa la mfano unatamani urudi utoto. Ila mara nyingi lina mwalimu mmoja, naye hupangiwa pia vipindi vya la tatu kwa sababu shule ina upungufu wa walimu. Katika vyumba vingi vya walimu vijijini, darasa la awali bado huonekana kama mahali pa kumpumzisha mwalimu mjamzito au anayekaribia kustaafu. Kama mkoa ungeamua kufanya jambo moja tu kabla ya mengine yote, lingekuwa hili: mwalimu wa awali abaki wa awali.

Tatizo la pili ni ulimi. Nyumbani mtoto anazungumza Kinyambo. Darasani anakuta Kiswahili, lugha ambayo kwa mtoto wa Mabira ni ya redioni na ya dukani. Kinyambo hakikukosa wasomi. Profesa Josephat Rugemalira, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikiandikia kitabu cha sarufi. Lakini darasani hakina kiti, na mwalimu aliyehamishwa kutoka Singida au Mbeya hana namna ya kujua kwamba mtoto aliyenyamaza si mzito wa akili, bali hajaelewa swali. Anayejua lugha ya mahali humwelekeza mtoto kwa maneno mawili ya kwao, kisha anarudi kwenye Kiswahili, na somo linaendelea. Kulizingatia hili katika kuwapanga walimu wa awali hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kunahitaji ofisa elimu aulize mapema nani anajua Kinyambo.

La tatu ni sahani, na hapa ndipo Kagera inapoduwaza watu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani wana udumavu, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Udumavu si ufupi peke yake. Ni ubongo uliokosa chakula katika siku elfu moja za mwanzo, na mwalimu wa darasa la kwanza anaupokea bila kuambiwa. Tena hii ni nchi ambayo haijui njaa ya ukame kama Dodoma inavyoijua. Ebitoke, yaani ndizi za kupika, zipo mwaka mzima, lakini ndizi hujaza tumbo bila kujenga mwili. Maharage yanayojenga hupakiwa kwenye malori kwenda kulisha miji mingine, maziwa ni ya wenye ng'ombe, na mayai huuzwa ili kununua sabuni. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliporipotiwa mkoani mwaka 2006, hata hiyo ndizi haina uhakika ule wa zamani.

Mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni unawaachia wazazi jukumu la kuchangia. Panapo mwenyekiti wa kijiji anayesikilizwa, debe la mahindi na la maharage hufika, uji unachemka saa nne, na mahudhurio yanapanda bila mgambo. Pasipo na msukumo huo, mwalimu anabaki na orodha ya wadaiwa. Wilaya inayovuna maharage kwa magunia ina nafasi ambayo wilaya nyingi hazina: makubaliano ya wakati wa mavuno, debe linapotoka shambani moja kwa moja, huwa mepesi kuliko mchango wa fedha mwezi Machi, mifuko ikiwa mitupu.

Fedha na kahawa haviachani huku, na vyote viwili havimwachi mtoto. Robusta huchumwa katikati ya mwaka, na kazi ya kuchuma na kuanika haichagui umri. Mtoto anayekosa shule siku mbili kila wiki kwa miezi mitatu haonekani katika takwimu za utoro wa kudumu, kwa sababu jina lake bado lipo kwenye rejesta. Yeye tu ndiye anayebaki nyuma.

Kagera ina bahati ya pekee ya kuwa miongoni mwa mikoa iliyochunguzwa kwa muda mrefu zaidi Afrika. Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizihoji kaya 915 katika jamii 51 za mkoa huu, Karagwe ikiwamo. Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ulikuwa unaua wazazi wakati huo, na swali lilikuwa kaya hustahimilije. Mwaka 2004 watafiti wakarudi kuwatafuta watu walewale popote walipokwenda, hata nje ya nchi, na kaya 915 zikawa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Wakarudi tena mwaka 2010.

Walichokikuta kinafaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya elimu ya mkoa. Kaya iliyopata hasara ya mazao iliongeza saa za kazi za watoto, hasa kama haikuwa na akiba wala mali ya kuwekea mkopo. Mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kukua alipoteza, kwa makadirio, karibu mwaka mzima wa masomo na sentimita mbili za kimo asizozipata tena. Mambo ambayo sera huyaita utoro na ufaulu duni, kaya huyaita mvua ya mawe na msiba.

Ndiyo maana neno butura lina nafasi katika makala ya elimu. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua au punje mbichi mtini kwa mlanguzi mwenye fedha taslimu, kwa bei ya kuumiza. Kisheria imekatazwa. Lakini mara nyingi mzazi huiendea kwa sababu ya msiba, ugonjwa, au sare, godoro na sanduku la mtoto anayekwenda kidato cha kwanza. Shule hufunguliwa Januari, kahawa hulipa katikati ya mwaka. Katika pengo hilo la miezi sita ndipo mlanguzi anapokaa na daftari lake. Chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, KDCU, kilichoanzishwa mwaka 1990, hukusanya kahawa za wilaya zote mbili kupitia vyama vya msingi. Mkopo mdogo wa Januari unaokatwa kwenye malipo ya kahawa ungemnyima mlanguzi wateja wake wengi, na ungekuwa sera ya elimu ingawa hakuna aliyeuandika kwenye kabrasha la elimu.

(Kuna msimu mwingine ambao walimu wa Kagera huutaja wakicheka nusu. Novemba, senene wanaporuka usiku kwenye taa kali, vijana hukesha wakiwakamata kwa ajili ya kuuza. Novemba huohuo ni mwezi wa mtihani wa kidato cha nne.)

Anayevuka hayo yote anafika sekondari na kukuta lugha ya tatu. Kinyambo kilikuwa cha nyumbani, Kiswahili kilikuwa cha miaka yote ya msingi, sasa baiolojia inakuja kwa Kiingereza. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni wa taifa zima na haukuanza Karagwe, wala makala haya hayataumaliza. Inatosha kusema kwamba wimbi la 2028 litakuwa na watoto waliosoma msingi miaka sita pamoja na waliosoma saba, chumba kimoja, mwalimu mmoja, na kitabu kile ambacho wengi wao watahitaji muhula mzima kukizoea.

Kisha ni wasichana. Shule za kata ziliwasogeza karibu, lakini "karibu" ya kata ya Kyerwa inaweza kuwa saa mbili za kutembea, nyingine gizani. Wazazi huwapangishia vyumba karibu na shule, kwa jina la geto, ambako binti wa miaka 15 anajipikia, anajilinda na kujinunulia mafuta ya taa. Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, warudi shuleni. Kwenye karatasi mlango umefunguliwa. Kwa vitendo, msichana anayerudi anahitaji mtu wa kumshikia mtoto, na hilo waraka haukulipangia bajeti. Vyuo 54 vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa kuiga vyuo vya jamii vya Sweden, vimejifunza kuwapokea akina mama vijana pamoja na watoto wao. Hiyo ni hekima ya kuazima kabla ya kubuni nyingine.

Mabweni ni jibu ambalo wazazi hulipenda zaidi, na Kyerwa inajua pia upande wake wa kutisha. Septemba 14, 2020 moto uliteketeza bweni la shule moja ya msingi ya binafsi huko Itera na watoto kumi wakapoteza maisha. Tangu Machi 2023 watoto wa awali hadi darasa la nne hawaruhusiwi kulala shuleni isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa sekondari, hosteli ndogo za kata zenye matroni, milango miwili na mitungi ya kuzimia moto zingegharimu kidogo kuliko shule kubwa ya bweni ya fahari, lakini hazina hafla ya kukata utepe yenye mvuto.

Upande wa pili wa mlango kuna kazi, na hapa Karagwe ina kisa ambacho vijana wake wengi hawakijui. Katika miaka ya 1990, wakati gridi ya taifa haikufika na taa ya chemli ndiyo iliyokuwa umeme wa kijiji, asasi ya KARADEA ilianzisha kituo cha kufundisha ufundi wa umeme wa jua wilayani humo. Mafundi walitoka sehemu mbalimbali za Tanzania na nchi jirani kuja kujifunza kufunga paneli, betri na nyaya. Hiyo ilikuwa miaka mingi kabla ya sola kuwa bidhaa ya kila duka. Kituo kilifundisha ujuzi ambao wateja wake walikuwa palepale, zahanati isiyo na friji ya chanjo na duka lisilo na taa, kwa hiyo aliyehitimu hakuhitaji kuelezwa soko liko wapi.

Mtaala mpya unataka jambo kama hilo kwa kila kijana. Kuanzia kidato cha kwanza kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na wa amali hutoka na cheti cha ufundi pamoja na cha kidato cha nne. Kwa Karagwe na Kyerwa swali ni amali gani. Cherehani na useremala zitakuwepo, hakuna ubishi. Lakini wilaya zenye kahawa zinahitaji mtu anayejua kukoboa, kupanga madaraja na kuonja, na kituo kidogo cha utafiti wa kahawa kipo Maruku, ndani ya mkoa. Hifadhi mbili za taifa, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizotangazwa 2019, zitahitaji waongozaji na wapishi. Kyerwa kuna bati, madini yaliyochimbwa tangu ukoloni, na wachimbaji wadogo wanaingia mashimoni bila mafunzo ya usalama. Fundi pikipiki hahitaji kutafutiwa ajira kabisa: bodaboda zimejaa kila kona ya Omurushaka.

Vyuo vipo, ila si vya kutosha. Karagwe kuna chuo cha VETA cha wilaya. Chuo cha mkoa kilichojengwa kwa msaada wa China kiko Burugo, nje kidogo ya Bukoba, nacho kilizinduliwa na Rais Oktoba 2022. Ni chuo kizuri, lakini kutoka Murongo nauli ya kufika huko na pango ni kahawa ya msimu. Serikali imeanza kujenga vyuo katika wilaya 64 ambazo hazikuwa navyo, na hiyo ndiyo njia ya kuvisogeza. Wakati huohuo kuna mafundi wa mitaani ambao hawana cheti chochote lakini wanajenga nyumba nzima kwa kamba na timazi. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ni huduma ya siku chache, na ingemwezesha fundi wa Kaisho kuomba kazi akiwa na karatasi mkononi.

Kuna ukweli mmoja mchungu ambao wapangaji hupenda kuukwepa. Wale watafiti wa Kagera walipolinganisha watu waliotoka kaya zilezile, waliona kwamba walioondoka katika jamii zao kati ya 1991 na 2004 ukuaji wa matumizi yao ulizidi wa waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Ndugu wawili, mama mmoja, sahani moja ya utotoni. Tofauti ni basi. Kwa hiyo elimu inayomwandaa kijana abaki kijijini tu inamnyima njia ambayo imewainua wengi kabla yake, na elimu inayomwandaa aondoke tu inaziacha Karagwe na Kyerwa zikilea watoto kwa ajili ya Mwanza, Dar es Salaam na Kampala. Cheti cha VETA kinachokubalika Mwanza sawa na Kayanga kinamwachia kijana mwenyewe aamue, na hilo ni bora kuliko kuamuliwa na mipaka ya chuo chake.

Nani analipa? Wizara ya Elimu hutunga sera na mitaala, TAMISEMI husimamia shule, na halmashauri ndiyo inayokutana na mzazi. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, viwango ambavyo chaki, karatasi na ukarabati huvimaliza upesi. Miradi mikubwa ya wafadhili ya kuboresha ufundishaji nayo ina kawaida ya kuipita Kagera kando: EQUIP-T haikufika, na Shule Bora, inayofadhiliwa na Uingereza katika mikoa tisa, haikuujumuisha mkoa huu. Pengine ni ile sifa ya zamani ya wasomi iliyowaponza. Mkoa unaodhaniwa umeshasoma haupewi mwalimu wa ziada.

Halmashauri zina vyanzo viwili vya kwao. Kimoja ni ushuru wa mazao, asilimia 3 ya bei ya kahawa, ambao ulinona bei ya robusta ilipopanda mwaka 2024 na hunyauka kila gunia linapovushwa kwa magendo usiku kwenda Uganda. Kingine ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Mikopo hiyo imezoea kwenda kwa vikundi vya kukodisha viti na kufuga kuku. Mara chache huonekana ikinunua seti ya vifaa vya kazi kwa vijana watano waliotoka chuo cha ufundi mwezi uleule, ingawa kanuni haziwakatazi.

Halafu kuna madawati. Wimbi la Januari 2028 litahitaji viti na meza kwa maelfu ya wanafunzi wa ziada katika wilaya hizi mbili, na madarasa yao yatajengwa kwa utaratibu wa force akaunti, ambamo kamati ya shule huajiri mafundi wa hapohapo badala ya mkandarasi. Misitu ya kupandwa ipo vilimani. Wanafunzi wa useremala na uashi wapo chuoni, wakijenga kuta za mazoezi na kuzibomoa. Kinachokosekana ni barua mbili: moja ya mkurugenzi wa halmashauri kwenda kwa mkuu wa chuo, akiomba kuta hizo zijengwe shuleni badala ya uwanjani, na nyingine kwa ofisa manunuzi, ikimwambia madawati yasiagizwe Mwanza. Mbao hukaushwa miezi kadhaa kabla ya kuranda, kwa hiyo barua hizo haziwezi kungoja Desemba 2027.